Mkia Bado Haujapita

Nchi yetu haina makosa. Nalisema hili mapema ili msomaji mwenye haraka aache kusoma hapa hapa na kwenda zake akiwa ameridhika. Jina lake sitalitaja, kwa heshima tu, na pia kwa sababu nina watoto shuleni. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye bendera, wimbo, mawaziri hamsini na wanne na barabara moja nzuri.

Barabara hiyo inaitwa Barabara Kuu ya Shukrani. Inaanzia kwenye geti la Ikulu na kuishia kwenye geti la nyumba ya kijijini ya Mkuu wa Nchi, kilomita mia moja na mbili, bila kona hata moja. Wahandisi walieleza kwamba kona hupunguza shukrani. Ina mistari myeupe inayopakwa rangi kila mwezi, na mapipa ya taka ambayo hayajawahi kutiwa hata ganda la ndizi, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kusimama karibu nayo. Ilipojengwa, kitu pekee kilichokuwa njiani ni malisho ya watu wa Isombe.

Watu wa Isombe ni wafugaji. Ng'ombe wao hawafungwi kamba wala hawazungushiwi ua. Asubuhi wanatoka, wanakula wanapoona majani, mchana wanakwenda mtoni na jioni wanarudi, na walikuwa wakivuka mahali hapo tangu nchi haijawa na bendera. Mchoro wa kwanza wa barabara ulikuwa na njia tano za kupitisha mifugo chini ya lami. Zikafutwa, kwa sababu Waziri alipouona mchoro aliuliza mashimo yale ni ya nini, na chumba kizima hakikupata mtu wa kumwambia Waziri kwamba ni ya ng'ombe.

Watu hawa wana desturi moja ambayo sina budi kuieleza, maana wizara iliipuuza na baadaye ikaja kututokea puani. Kundi la ng'ombe linapovuka njia, kila mtu husimama na kuvua kofia. Bwana harusi anasimama. Waliobeba jeneza wanalishusha chini. Hakuna anayepita katikati. Mchungaji wa nyuma, akishavuka na ng'ombe wa mwisho, huita, "Mkia umepita," na waliosimama hujibu, "Tumeuona." Ndipo kila mmoja anashika safari yake. Anayekatiza kundi hapigwi wala hatozwi faini. Hajibiwi salamu tu, basi. Atasalimia mpaka koo likauke, na hata mama yake mzazi atamtazama kama anatazama kisiki, mpaka siku atakapokwenda kwa miguu yake hadi kwa mchungaji aliyemkatizia, akaomba radhi. Sisi wa mjini tuliiona hiyo ni adhabu ya kitoto. Mimi mwenyewe nilicheka.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao katika Wizara ya Barabara, Watoto na Wanyama Wazururao. Kwa miaka ishirini na miwili niliandika waliyosema wakubwa, nikayanyoosha yaliyopinda, nikayafupisha yaliyonuka. Sikutoa maoni hata mara moja. Ndiyo maana nilidumu.

*

Katika miezi mitatu ya kwanza magari yaliua ng'ombe arobaini na mmoja, mbuzi wengi ambao hakuna aliyejisumbua kuwahesabu, na punda mmoja aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wizara. Serikali haikushtuka. Ilishtuka mwezi wa nne, ndama alipogonga gari la Waziri. Ndivyo nilivyoagizwa kuandika, kwamba ndama ndiye aliyegonga. Taa ya kushoto ilipasuka. Redio ya taifa ikamtakia Waziri nafuu ya haraka kwa siku tatu mfululizo, ingawa hakuwa na hata mkwaruzo, na ile taa iliyopasuka ikawekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Wageni walikuwa wakiitazama na kutikisa vichwa. Ndama alitupwa mtaroni.

Waziri wetu aliitwa Mheshimiwa Daktari Baltazari Mkengeti, mtu wa sauti nene na subira nyembamba. Aliunda Kamati ya Kuchunguza Mwenendo wa Mifugo, yenye wajumbe kumi na saba, na kati yao mmoja tu ndiye aliyewahi kumgusa ng'ombe aliye hai. Huyo alikuwa daktari wa mifugo, Fidelisi Kasanda. Kamati ilikaa vikao tisa katika hoteli moja yenye bwawa la kuogelea. Katika kikao cha tatu Daktari Kasanda aliinua mkono akasema kwamba labda magari yangepunguza mwendo. Wajumbe waliacha kutafuna. Mimi nikaandika kwamba kikao kilitafakari. Kesho yake alihamishiwa Idara ya Uvuvi, katika wilaya isiyo na ziwa, mto wala bwawa, na tangu hapo kamati ikafanya kazi kwa umoja wa kupigiwa mfano.

Hoja zilikuwa zimenyooka. Madereva hawawezi kufundishwa, kwa kuwa wanaendesha wakubwa, na kumfundisha dereva wa mkubwa ni sawa na kumsahihisha mkubwa mwenyewe. Ng'ombe hawawezi kufundishwa, kwa kuwa hawana vitambulisho. Wazazi wana maswali mengi. Wakabaki watoto. Ikaamuliwa kwamba jukumu la kuwalinda mifugo barabarani liwe la watoto wa shule za msingi, kuanzia darasa la tatu, na kwamba kitabu kiandikwe haraka.

*

Kitabu kiliitwa Mtoto, Ng'ombe na Maendeleo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Mkuu wa Nchi na maelezo kwamba yeye mwenyewe alizaliwa Isombe na alichunga ng'ombe peku mpaka alipofika umri wa miaka kumi na minne. Hilo kila mtoto wa nchi yetu analijua, kwa kuwa ndilo swali la kwanza katika kila mtihani, ukiwemo wa hesabu.

Kurasa zilizofuata zilikuwa na michoro. Mchoraji, kijana wa mjini, alichora ng'ombe anayetabasamu, mwenye meno ya mbele juu na chini. Nilisikia baadaye kwamba watoto wa Isombe walipoona picha hiyo walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua, maana ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, na mtoto wa miaka minne huko analijua hilo. Wizara ilipopata taarifa ya kicheko iliandika kwamba kitabu kimepokewa kwa furaha.

Kulikuwa na mazoezi pia. Moja nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililinakili mara tatu. Ng'ombe watano wanavuka barabara. Msafara wa Mheshimiwa unakuja kwa kasi ya maendeleo. Nani amekosea? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: ng'ombe wa kwanza, ng'ombe wa mwisho, ng'ombe wote, mzazi wa mtoto. Jibu sahihi lilikuwa la tatu, lakini la nne lilipewa nusu alama.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Mchapaji alipiga simu asubuhi moja kusema kwamba ukurasa wa kumi na nne ni mtupu. Waziri alikuwa anakunywa chai. Akaniambia niandike pale kitu chochote kizuri kuhusu utamaduni wetu, kisha iwekwe picha yake chini na saini. Mimi nikaandika ile desturi ya Isombe, kwa kuwa ndiyo niliyoikumbuka. Niliandika kwamba mtoto mwema haruhusu chombo chochote kupita kabla mkia wa mwisho haujavuka. Waziri alitia saini bila kusoma, na kitabu kikachapwa nakala elfu arobaini.

*

Shule ya kilomita ya sitini na moja iko hatua mia mbili tu kutoka barabarani. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa Nyamizi Luhende, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza ng'ombe wawili kwenye lami ile. Alikifungua kitabu, akakisoma chote mbele ya darasa kama alivyoagizwa, akakifunga. Kisha akawatoa watoto nje na kuwafundisha.

Aliwafundisha kuchagua mahali ambapo vichaka haviwazibi, na saa ambayo jua halimpigi dereva machoni. Watoto wawili wasimame na vitambaa vyekundu, mmoja kila upande, hatua mia mbili kutoka kundini, wasishushe mkono mpaka gari lisimame kabisa. Ndama wakae katikati. Ng'ombe mtulivu kuliko wote awe wa mwisho, maana wa mwisho ndiye anayeachwa kwenye lami wengine wakikimbia. Wakafanya mazoezi kwa mawe, kisha kwa mbuzi, kisha kwa ng'ombe. Baada ya wiki tano kilomita ya sitini na moja haikuwa imeua hata mbuzi. Malori yalikuwa yanasimama. Dereva mmoja wa lori la saruji alikuwa anavua kofia ndani ya kibanda chake na kujibu kwa sauti, "Tumeuona," na watoto walimpenda sana kwa hilo. Wizara ilipata habari na kuandika kwamba kitabu kinafanya kazi.

Mwanafunzi hodari kuliko wote katika somo hilo alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, Sikudhani. Kwao walikuwa na ng'ombe mmoja tu, Kidoti, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso na kengele ya kopo shingoni. Alimchunga pamoja na ng'ombe kumi na wawili wa majirani. Mama yake alifariki akimzaa mdogo wake, na mtoto yule, aliyekuwa sasa na miezi saba, alikuwa anakuzwa na bibi yake kwa maziwa ya Kidoti. Kwa hiyo Sikudhani hakuwa anajifunza somo la serikali. Alikuwa anajifunza namna ya kumrudisha Kidoti nyumbani kila siku. Na kwa kuwa hapakuwa na ng'ombe mtulivu kama Kidoti, yeye ndiye aliyekuwa anavuka wa mwisho.

*

Wizara ilipoona mafanikio ya kitabu chake iliamua kuyasherehekea. Ikatangazwa Siku ya Taifa ya Mifugo na Barabara, itakayofanyika kilomita ya sitini na moja, mgeni rasmi akiwa Waziri Mkengeti. Watoto wangevusha kundi mbele ya kamera za televisheni, na Kidoti, kwa utulivu wake, alitangazwa kuwa Ng'ombe wa Mfano wa Taifa. Alipelekewa utepe wa rangi za bendera. Aliula kidogo, sehemu ya kijani.

Sikudhani aliuliza swali moja, nalo ni kama magari ya Waziri yatasimama. Mwalimu Nyamizi akaona swali hilo ni la maana, akaliandika kwenye barua na kuituma wizarani. Barua ilinifikia mimi. Nikampelekea Waziri, akacheka, akaniambia nijibu vizuri. Nikaandika kwamba misafara yote ya viongozi inazingatia kikamilifu usalama wa mifugo na haina budi kusimama. Nilipiga muhuri mara mbili. Nilijua ni uongo. Nakumbuka kabisa kwamba nilijua, na kwamba baada ya kupiga muhuri nilikwenda kula.

Siku ilipofika watoto walikuwa tayari saa tatu asubuhi. Waziri alitarajiwa saa nne. Saa tano hakuwepo. Saa saba waliohudhuria walianza kukaa chini, na ng'ombe wakaanza kulia kwa kiu, wakiuona mto ng'ambo. Ilipofika saa nane, Kamanda wa polisi wa barabarani alipata habari kwenye redio yake kwamba msafara umekaribia na umechelewa sana, hivyo watoto waanze kuvusha mara moja ili Mheshimiwa awakute katikati ya zoezi, kwa ajili ya kamera.

Mwalimu Nyamizi alikataa. Alisema hawavushi mpaka waone magari yamepunguza mwendo, ndivyo alivyowafundisha. Kamanda akatoa mfukoni nakala ya barua yetu ya majibu, akamwonyesha muhuri. Mwalimu aliisoma yote, polepole. Aliona jina langu chini. Nilikuwa nimesimama pembeni na daftari langu, na beji kifuani yenye jina hilo hilo, na yeye akanitazama, kwa muda wa mtu anayekumbuka sura ili asiisahau. Mimi nikatazama viatu vyangu. Alipoona sisemi kitu akapuliza filimbi.

Watoto walifanya kila kitu sawasawa, kama walivyofundishwa. Vitambaa vyekundu vilipepea pande zote mbili. Ng'ombe kumi na wawili walivuka. Sikudhani alikuja nyuma, mkono wake mgongoni mwa Kidoti. Magari saba ya Waziri yalitokea yakienda kwa mwendo wa kuwahi sherehe ya usalama. Dereva wa mbele aliviona vitambaa, alikiri hivyo baadaye, lakini alidhani ni shamrashamra, akawasha taa zake mara mbili kushukuru.

Gari la kwanza lilimchukua Kidoti. La pili likamkwepa. Yaliyobaki yakapita. Mkono wa Sikudhani ulibaki hewani, pale pale ulipokuwa mgongo.

*

Msafara ulikwenda kama kilomita moja mbele ndipo ukagundua kwamba umeipita sherehe yake, ukarudi. Waziri alishuka, akatazama kwanza taa za gari, zote nzima, akafurahi. Akapelekwa kwenye jukwaa. Nilifikiri ataahirisha. Hata mimi, kwa uzoefu wote nilionao, nilifikiri hivyo. Akavuta maiki.

"Ndugu wananchi," alisema, "ng'ombe huyu hakufa bure. Amekufa akiwa darasani. Nani kati yetu hapa anaweza kujivunia kifo kama hicho?"

Akaendelea kwa dakika arobaini. Alieleza kwamba tukio hilo limethibitisha umuhimu wa kitabu. Alimsamehe ng'ombe kwa niaba ya serikali. Alitoa vyeti kwa watoto waliokwenda kuvichukua, ambao walikuwa wawili, wote wa Kamanda. Halafu akatazama saa na rangi ikambadilika, kwa kuwa saa kumi kamili Mkuu wa Nchi alikuwa apite barabara hiyo hiyo kwenda kijijini kwake kula chakula na ukoo wake, na Waziri alitakiwa awe kwenye mstari wa kumpokea.

Ndipo alipoona kwamba barabara imejaa. Ng'ombe kumi na wawili walikuwa wamerudi wenyewe, wakamzunguka Kidoti, kutoka kwenye lami mpaka chini kwenye majani, wakimnusa. Sikudhani alikuwa amesimama kichwani pake. Pande zote mbili walisimama watu wa Isombe, wanaume kofia mkononi. Nyuma yao malori, na dereva wa saruji ameshuka, naye kofia mkononi. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna bango. Kamanda alizunguka akitafuta mchochezi wa kumkamata akakosa, kwa kuwa kila mtu alikuwa amesimama tu kwa adabu.

Waziri alitaka kujua wanafanya nini. Mwalimu Nyamizi akamjibu kwamba wanangoja mkia upite. Waziri akauliza ni kwa sheria gani. Mwalimu akafungua Mtoto, Ng'ombe na Maendeleo, ukurasa wa kumi na nne, akamsomea, kisha akakigeuza kitabu ili aione picha yake mwenyewe na saini yake chini. Waziri alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu niliyemfanyia kazi, na nakiri ilinipa raha kidogo.

Polisi sita wakamburuta Kidoti kwa miguu hadi upande wa pili, ng'ombe wengine wakifuata nyuma wakilia. Waziri akachukua kipaza sauti akatangaza mwenyewe kwamba mkia umepita. Polisi walijibu, "Tumeuona," sauti sita. Watu mia tano hawakufungua midomo. Wala hawakusogea.

Waziri akamwendea Sikudhani. Aliinama, akamwekea mkono begani, akamwambia kwa sauti ya redio kwamba yeye ni mtoto mwerevu na atapewa baiskeli, aseme tu yale maneno mawili.

"Huyo ameburutwa, Mheshimiwa," Sikudhani alisema. "Hajavuka."

*

Ving'ora vilisikika kabla ya saa kumi. Mkuu wa Nchi, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati, siku hiyo aliwahi. Magari arobaini meusi yalipunguza mwendo, yakasimama. Waziri alikimbia mpaka mlango wa gari kubwa, akijifuta jasho kwa tai. Kioo kikashuka.

Mkuu hakumtazama Waziri. Aliwatazama watu, akaona kofia mikononi. Aliwatazama ng'ombe, wamesambaa tena kutoka upande mmoja hadi mwingine, na binti aliyesimama katikati yao. Na hapo nikaona kitu ambacho watu wote walikiona, maana walikiongelea miezi mingi baadaye. Mkono wake ulipanda wenyewe kichwani ukavua kofia.

Alikaa hivyo, kofia gotini, kama mtu mwingine yeyote wa Isombe. Naapa nilikuwa tayari kumpenda. Kama angekaa dakika tano tu, akamwacha Sikudhani amalize kulia, akate ule mkia wa Kidoti, auvushe kwa mikono yake, nadhani hadithi hii ningeiandika kwa furaha na kuiweka kwenye kitabu cha shule. Lakini msaidizi wake aliinama akamnong'oneza, akagongagonga saa ya mkononi. Mkuu akasikiliza. Akairudisha kofia kichwani. Kioo kikapanda.

Magari yakashuka kwenye majani yakapita katikati ya kundi, yakipiga honi. Ng'ombe walitawanyika huku na huko. Sikudhani hakukimbia, na gari la nane lilimpaka vumbi kuanzia nyusi mpaka miguu. La Waziri lilikuwa la arobaini na moja.

Simu za Isombe ziliwahi kufika kijijini kuliko ving'ora. Nilikuwa kwenye gari la mwisho, hivyo yaliyotokea huko niliyaona. Zulia lilitandikwa, mbuzi walikuwa wameshachinjwa, ukoo mzima ulisimama uani. Mbele yao alikaa dada yake mkubwa, Bi Kalunde, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mkuu alimwendea mikono miwili mbele, akainama kidogo kama anavyoinama kila mwaka kwa ajili ya picha.

"Shikamoo, dada," alisema.

Bi Kalunde alimtazama. Alikuwa na uso wa mtu anayetazama kisiki.

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kikongwe hasikii. Akarudia mara ya tatu. Akawageukia wajomba, akawageukia watoto wa dada yake, akawasalimia mmoja mmoja kwa majina. Walimkaribisha kiti kwa mkono. Walimletea chakula, wakakiweka mbele yake, wakarudi nyuma. Alikula peke yake katikati ya watu mia mbili, na kijiko kilikuwa kinasikika. Redio ya taifa ilitangaza saa mbili kwamba Mkuu wa Nchi amepokewa kijijini kwake kwa utulivu wa hali ya juu ambao haujawahi kushuhudiwa.

*

Mambo yalirudi kwenye mstari upesi, kama yanavyorudi kwetu siku zote. Waziri Mkengeti alipewa wizara kubwa zaidi. Kitabu kilichapwa upya, na toleo hilo linaruka kutoka ukurasa wa kumi na tatu hadi wa kumi na tano. Mwalimu Nyamizi alipewa barua tatu za onyo, akazitumia kufundishia matumizi ya alama za uandishi. Msafara wa kwenda kijijini umefutwa kwenye ratiba, kwa sababu za kiafya. Sikukuu mbili zimepita, na Bi Kalunde hajatoa neno. Wanasema Mkuu humpigia simu. Wanasema simu inapokewa, anasema shikamoo, na upande wa pili anasikia kuku tu.

Mimi niliandika kumbukumbu za siku ile. Mahali pa maazimio, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, niliandika nilichokiona. Niliandika kwamba mkia haukupita. Kwa hiyo sasa niko Idara ya Uvuvi, katika ile wilaya isiyo na maji, chumba kimoja na Daktari Kasanda. Tuna nyavu mpya.

Mwezi uliopita niliomba ruhusa. Basi lilinishusha kilomita ya arobaini na sita, nikatembea zilizobaki, nusu siku, kwa viatu visivyofaa. Nilimkuta Sikudhani na lile kundi, sasa kumi na watatu, maana ndama wa Kidoti ameshaanza kutoka nao. Mdogo wake yu hai. Majirani wanampa maziwa kwa zamu, kila nyumba siku yake, na siku ambayo ng'ombe wamekauka anakunywa uji.

Alinitazama nikija mpaka nikafika. Mtoto wa huko humwamkia hata mwizi, kwa kuwa ni mkubwa. Huyu hakuniamkia. Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyeandika ile barua. Nikamweleza kwamba nilijua magari hayatasimama, nikapiga muhuri mara mbili, nikaenda kula. Nikaomba radhi. Miguu ilikuwa inawaka moto.

Alimrudisha ndama mmoja kundini kwa fimbo. Kisha akaangalia viatu vyangu, vilivyokuwa vimepasuka kwenye vidole.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," niliitikia. Kisha nikamuuliza, na Mkuu wa Nchi je, akija atamjibu. Alifikiria hilo kama swali la mtihani, bila chuki wala huruma, huku akihesabu ng'ombe wake kwa macho.

"Akija kwa miguu," alisema. "Njia anaijua."